Muulize Mchora Ramani: Kuba ya chuma, nguzo za mahindi, na fundi aliyefunga kamba kichwani mwa sanamu

Mbukwenyi wasomaji. Toleo lililopita niliandika kwa mstari mmoja tu, tena kwa kupita, kwamba lile jengo la Bunge la Marekani linaloitwa Capitol, lile jeupe lenye kuba ambalo kila taarifa ya habari lazima walionyeshe, ni jengo la kuungaunga kama koti la mzee aliyeoa mara tatu, na kuba yake ni geresha. Basi nikawa nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mpaka mhariri kaniambia mzee safari hii chukua kurasa zote ujibu hayo hayo, mambo ya vyoo vya shimo na kodi ya jengo yasubiri mwezi ujao. Haya tuanze.

Shikamoo mzee. Mi nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Tulikuwa tunabishana geto, mwenzangu anasema Bunge letu la hapa Dodoma limeigwa kwa Wamarekani kwa sababu yote yana duara juu, mi nikakataa ila sikuwa na hoja. Afu kwa nini majengo ya serikali za wazungu yana nguzo nyeupe mbele kama vile waligawiwa ramani moja?

Marahaba mjukuu wangu. Ubishi umeshinda wewe. Ukumbi wetu wa Bunge ulioanza kutumika 2006 umechukua umbo la msonge, yaani ile nyumba ya duara ya asili, wakati kuba ya Washington imetoka kwenye makanisa makubwa ya Ulaya, na hayo makanisa nayo yaliokota kwa Warumi wa kale. Kwa hiyo ni duara mbili zisizo na undugu. Ila mimi kinachonichekesha siku zote ni kwamba hata huo msonge sio wa hapa! Mgogo, mwenyeji wa Dodoma hii, hakuwa mtu wa msonge, Mgogo alijenga tembe, ndefu, ya pembe nne, paa bapa la udongo, kwa sababu mvua zetu unazijua mwenyewe, paa bapa halina shida kwenye nchi ambayo mawingu yanakuja kusalimia tu na kuondoka. Misonge waulize Wahaya kule Kagera. Sasa Bunge limekaa Ugogoni limevaa nguo ya watu wa mbali, na hakuna aliyeandamana.

Kuhusu nguzo, nitakuelezea kwa tembe hilo hilo maana ndo njia rahisi. Kama umewahi kuingia tembe la zamani, si umeona miti yenye panda imesimamishwa kwa mistari, juu ya panda imelazwa boriti, juu ya boriti zimepangwa fito, ndo udongo unakuja juu? Basi hekalu la Mgiriki ni kitu hicho hicho. Nguzo imesimama, boriti imelala, paa juu. Mwanzoni na wao walijenga kwa miti, baadaye walipopata hela wakahamia kwenye mawe, lakini wakaendelea kuchonga jiwe lifanane na mti. Pale juu ya nguzo za Kigiriki utaona vibao vya mawe vyenye mifereji, vimepangwa kwa nafasi sawasawa, basi Mrumi mmoja aliyeitwa Vitruvius aliandika miaka zaidi ya 2,000 iliyopita kwamba vile vinawakilisha ncha za boriti za mbao zilizokuwa zinatokeza nje enzi hizo. Yaani jiwe linamkumbuka babu yake mti.

Sasa hayo mambo ya kale yalirudi mjini miaka ya 1700. Mwaka 1748 walianza kuchimbua Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na majivu ya volkano, wasomi wakaenda Athene kupima magofu kwa futi na inchi, vitabu vya michoro vikatapakaa Ulaya, na kila mwenye pesa akataka nguzo. Ndo huo mtindo unaoitwa neoklasiki, ukale uliorudishwa. Wamarekani walikuwa wametoka kumkataa mfalme wa Uingereza, 1776 hiyo, sasa wanataka kujenga nyumba ya serikali isiyofanana na kasri la mfalme. Wakaangalia nyuma wakaona Roma iliwahi kuwa jamhuri, ilikuwa na Seneti, wakasema hapo hapo. Mpaka majina wakabeba: Seneti wakaichukua, na kwenye ramani ya mji Thomas Jefferson akang'ang'ania jengo liitwe Capitol, jina linalotoka kwenye kilima cha Roma kilichokuwa na hekalu la mungu wao Jupita, badala ya "nyumba ya Kongresi" tu, yaani nyumba ya bunge lao. Kwa hiyo hujakosea sana kusema waligawiwa ramani moja, ramani ilikuwa Roma, kila mtu akaja na karatasi yake kunakili.

Halafu sikia kichekesho cha ramani yenyewe. Mfaransa aliyepanga mji wa Washington mwaka 1791, Pierre L'Enfant, ndo alitegemewa achore na Capitol. Akaambiwa leta michoro. Akasema michoro iko kichwani! Mafundi wa Dodoma mnaosoma hapa mjue hamkuanza nyie. Tofauti ni kwamba yeye alifukuzwa kazi 1792. Wakatangaza mashindano, zawadi dola 500 na kiwanja mjini, michoro ikaja mingi na mingi ilikuwa vituko, aliyeshinda akawa daktari wa tiba, William Thornton, mzaliwa wa visiwa vya Karibi, hakusomea ujenzi kabisa na tena alileta kazi yake baada ya muda kupita. Rais George Washington akaipenda kwa ukuu wake na urahisi wake, akaweka jiwe la msingi tarehe 18 Septemba 1793. Kuanzia hapo jengo likapita mikono ya wasanifu wengi, kila mmoja anabomoa kidogo alichokikuta na kumlaumu aliyetangulia. Hiyo ndo maana yangu ya koti.

Mzee habari za kazi. Mi fundi, niko saiti Ihumwa. Mteja kanionyesha picha ya hiyo Capitol kwenye simu, anataka nguzo kama zile kibarazani. Nimemsimamishia nne, zege nimemiminia kwenye paipu ya inchi 6, urefu mita 3, juu tumeweka vichwa vya urembo vya kununua vyenye majani majani. Ukiangalia kwa barabarani zinaonekana kama miguu ya korongo. Mteja kanuna. Kosa liko wapi?

Kosa liko kwenye paipu, mwanangu. Nguzo za mtindo huu zinaenda kwa hesabu ya unene na urefu, sio kwa jicho. Wataliano wa miaka ya 1500 waliinyoosha hesabu hiyo na mafundi wakaishika mpaka kesho: nguzo ya Kidoriki, ile isiyo na mbwembwe, urefu wake ni unene mara 8. Ya Kiioniki, yenye pembe za kondoo zilizojikunja juu, mara 9. Ya Kikorintho, hiyo yako ya majani (Korintho ile ile ya barua za Paulo), mara 10. Sasa wewe una sentimita 15 kwa mita 3, piga hesabu, ni mara 20. Umemchorea mteja korongo na korongo katoka.

Kwa mita 3 Kikorintho inataka sentimita 30 za unene, yaani inchi 12. Kama nondo zako ziko sawa na nguzo inabeba mzigo wake vizuri usivunje, izungushie wavu, ipige plasta kwa tabaka uinenepeshe, kila tabaka likauke ndo uweke lingine, usitake kumaliza siku moja kwa sababu mteja kanuna. Vichwa itabidi mnunue vikubwa, hapo ndo mtagombana nani analipa. Na kitu kimoja ambacho wengi hawakijui, nguzo nzuri haishuki wima kama bomba, juu inakuwa nyembamba kidogo kuliko chini, na kati kati hapo ina kitumbo kidogo sana ambacho ukikiona kwa macho ujue umekizidisha. Wagiriki waliweka hicho kitumbo kwa sababu nguzo iliyonyooka kama rula jicho linaiona imebonyea.

Usijisikie vibaya, hao hao Capitol jicho liliwaumbua. Upande wa mashariki walikuwa na nguzo 24 za jiwe la mchanga, zilitosha kabisa wakati kuba ilikuwa ndogo. Walipokuja kuweka kuba kubwa ile mnayoijua, ukisimama mbele unaona mlima umekaa juu ya vijiti, kuba inaelea nje ya ukuta uliotakiwa kuibeba. Walikaa na aibu hiyo karibu miaka 100! Mwaka 1958 ndo wakazitoa, wakasogeza ukuta wa mbele, wakaweka nakala za marumaru. Zile za zamani 22 kati yake zimesimamishwa kwenye bustani ya taifa ya miti hapo hapo Washington, kwenye nyasi, hazibebi chochote, juu mawingu. Nimeziona kwa picha nikazipenda kuliko jengo lenyewe.

Capitol ndo anakolala rais wao?

Hapana bwana. Rais analala White House, jengo lingine kabisa, lilichorwa na James Hoban, Mwairishi. Capitol ni bunge, Seneti bawa la kaskazini na Wawakilishi bawa la kusini. Ukiona kuba ni Capitol, ukiona hakuna kuba ni kwa rais. Ni kama mtu achanganye Bunge letu na Ikulu ya Chamwino, ukizingatia Ikulu yenyewe iliyozinduliwa 2023 imefuata sura ya ile ya Dar es Salaam, matao matupu, hakuna duara.

Mimi ni mama mfanyabiashara wa mahindi hapa Kibaigwa. Mwanangu kaniambia eti huko kwenye bunge la Marekani kuna nguzo zimechongwa mahindi. Nikamwambia acha kunitania na shida zangu za bei. Ni kweli au ananidhihaki?

Mama, mwombe mtoto radhi, ni kweli tupu, na nafurahi swali limetoka Kibaigwa maana hakuna watu Tanzania hii wanaostahili kulijibu zaidi ya nyie wa soko la mahindi.

Mwaka 1803 Jefferson, akiwa sasa ndo rais, alimpa kazi ya Capitol msanifu aliyeitwa Benjamin Henry Latrobe. Huyu alikuwa msomi wa nguzo za Kigiriki kweli kweli, lakini akajiuliza kwa nini tuchonge majani ya akanto, mmea wa huko Ugiriki ambao mkulima wa Virginia hajawahi kuupalilia? Basi mwaka 1809 kwenye kijiukumbi kidogo cha kuingilia, upande wa Seneti, akaweka nguzo sita za namna yake. Mwili wa nguzo umechongwa kama mabua yamefungwa pamoja, unaona kabisa mistari ya mabua na pingili, shingoni pamefungwa kamba ya jiwe, halafu juu pale kwenye kichwa ndo mahindi yamesimama wima, maganda yamefunguka kidogo nusu, punje zimejipanga mistari mistari. Aliyechonga ni Mtaliano, Giuseppe Franzoni. Mtu ametoka kwao alikozoea kuchonga malaika, anapewa hindi.

Wabunge walizipenda balaa. Latrobe akamwandikia Jefferson kwamba zile nguzo za mahindi zimesifiwa na wabunge kuliko kazi zake nyingine zote, na mimi nasoma hapo naona jamaa anafurahi huku roho inamuuma, maana alijenga makuba na matao ya kutoa jasho watu wakapita moja kwa moja kwenda kushika hindi. Akamtumia Jefferson mfano wa kichwa kimoja cha nguzo, mzee yule akakiweka shambani kwake Monticello akakifanya kitako cha saa ya jua. Baadaye, 1816, Latrobe akachora na vichwa vya maua ya tumbaku. Hapo Urambo na Tabora nao wapate cha kujivunia.

Kuna jambo lingine linanifanya nizipende. Tarehe 24 Agosti 1814 jeshi la Uingereza liliingia Washington likachoma jengo, wakarundika viti na meza, wakawasha, vitabu vya maktaba ya bunge kama 3,000 vikaenda, joto likawa kubwa mpaka mawe yakapasuka na vioo vya paa vikayeyuka. Mvua kubwa ikaja ikasaidia kuzima. Kijiukumbi cha mahindi kikabaki kizima, mpaka leo zipo. Sababu ya Waingereza kuchoma, walisema ni kisasi, kwa kuwa Wamarekani walichoma majengo ya bunge la mji wa York huko Kanada mwaka 1813. Huo York sasa hivi unaitwa Toronto. Na mnajua nani alichora mpango wa kwanza wa jiji letu la Dodoma, ule wa 1976? Kampuni ya Toronto! Dunia ni ndogo kama kikombe cha kahawa pale stendi.

Mzee ulisema kuba yao ni "geresha". Nimekasirika kidogo kwa niaba yao. Fafanua. Msomaji wa Kondoa.

Sikusema geresha kwa ubaya jamani. Nilimaanisha kwamba ukiiangalia unaapa ni jiwe au marumaru, kumbe ni chuma. Chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, vipande kwa vipande, vikafungwa kwa bolti, vikapakwa rangi ifanane na jiwe. Nguzo 36 zinazoizunguka, chuma. Maua, vibao, madirisha, chuma. Uzito wake ni kama tani 4,000. Tena ni mbili, moja ndani ya nyingine, ya ndani ndo unaiona ukiwa ukumbini unaangalia juu, ya nje ndo ya kwenye picha, na katikati yake kuna ngazi ya mafundi inapanda imejikunja kunja.

Walifikia huko kwa lazima. Kuba ya kwanza iliisha miaka ya 1820 chini ya Charles Bulfinch, ilikuwa ya mbao imefunikwa shaba, ndogo tu. Ikaja nchi ikapanuka, majimbo yakaongezeka, wabunge hawana pa kukaa, wakaongeza mabawa makubwa kuanzia 1851 chini ya Thomas Walter, jengo likarefuka mara mbili na zaidi. Sasa kile kikuba kikaonekana kama kofia ya mtoto kwa mtu mzima. Na mwaka huo huo wa 1851 maktaba iliwaka moto, vitabu kama 35,000 vikateketea, kila mtu akiangalia ile mbao juu anapata baridi. Jiwe lingekuwa zito mno kwa kuta za chini zilizokuwepo, ndo wakachagua chuma. Kazi ikaanza 1855 ikaisha 1866, katikati yake kuna vita vya wenyewe kwa wenyewe, na vyuma vikaendelea kupanda juu.

Chuma kina tabia yake, kikipata jua kinatanuka, kikipoa kinasinyaa, miaka 150 kinafanya hivyo hivyo. Walipokuja kukagua kwenye miaka hii ya karibuni wakakuta nyufa zaidi ya 1,000, maji yanaingia. Wakaizungushia majukwaa 2014 mpaka 2016 wakaitengeneza. Wale mnaopaka geti rangi mara moja mnasahau, geti la wenzenu ndo hilo.

Nimesikia jengo lile limejengwa na watumwa. Kwa nini hamlisemi hilo mnasifia nguzo tu? Mwalimu wa historia, Singida.

Mwalimu, umenipiga mahali panapostahili. Ni kweli, na hati za malipo zipo. Mawe ya mchanga yalivunjwa machimboni Aquia, Virginia, na watu wengi waliofanya kazi hiyo, na kukata mbao, na kuchoma tofali, walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Hela ililipwa kwa bwana. Kwenye orodha jina la mtu mara nyingi ni moja tu, halafu pembeni jina kamili la anayepokea hela.

Acha nikusimulie wa mmoja ambaye jina lake tunalo lote, Philip Reid. Juu kabisa ya kuba kuna sanamu ya shaba nyeusi ya mwanamke, inaitwa Uhuru, urefu kama mita 6, uzito kama tani 7 hivi. Mchongaji wake, Thomas Crawford, aliitengeneza Roma kwa plasta, akafa 1857 kabla haijasafirishwa. Plasta ikaja Washington vipande vipande, ikaunganishwa ikasimamishwa watu waione. Sasa muda wa kuimimina shaba ulipofika inabidi itenganishwe tena ipelekwe kwenye kiwanda cha kuyeyushia, na fundi wa Kitaliano aliyeiunganisha akasema hafungui mpaka aongezwe hela. Maungio kayafunika kwa plasta, hakuna anayejua yako wapi. Mnaijua tabia hiyo, fundi anaweka siri kwenye kazi ili mumuite tena.

Reid alikuwa mtumwa wa mwenye kiwanda hicho, Clark Mills. Akafikiria. Kichwani mwa sanamu kulikuwa na pete ya chuma. Akafunga kamba na kapi kwenye pete, akaanza kuvuta juu taratibu, taratibu, bila kuinyanyua, mpaka plasta ikajinyoosha na kwenye maungio ikaanza kupasuka ufa mwembamba, moja baada ya nyingine, siri zote zikajitangaza zenyewe. Bolti zikafunguliwa, vipande vikashuka salama. Malipo yake yaliyoandikwa ni dola 1.25 kwa siku, na alichopokea mwenyewe mkononi ni za Jumapili tu, siku nyingine zilikuwa za Mills.

Tarehe 16 Aprili 1862 utumwa ukafutwa pale Washington. Sanamu ikapandishwa kileleni 2 Desemba 1863, kwa hiyo siku kipande cha mwisho kinapanda Reid alishakuwa mtu huru. Na mwalimu, hii itakufaa darasani: mchoro wa mwanzo ulimvisha yule mwanamke kofia ya Kirumi waliyokuwa wanavaa watumwa walioachiwa huru. Waziri wa vita aliyesimamia ujenzi akakataa, akasema Wamarekani wamezaliwa huru, kofia hiyo haiwahusu, ndo maana leo kavaa helmeti yenye kichwa cha tai na manyoya. Waziri huyo ni Jefferson Davis, aliyekuja kuwa rais wa majimbo ya kusini yaliyopigana vita kutetea utumwa.

Mbona na wao walihamisha makao makuu? Kwao ilichukua muda kama sisi?

Sheria yao ya kuhamisha makao makuu ilipita 1790 na Novemba 1800 bunge lilikuwa limeshaingia, bawa moja tu limeisha, mji wenyewe matope na visiki. Miaka 10. Sisi uamuzi 1973, Bunge likatangulia 1996, serikali ikaanza kuhamia kwa kishindo 2016, sheria ya kulitambua jiji kuwa makao makuu 2018. Lakini mjue wao walikuwa hawana Dar es Salaam ya kuwavuta shati kila wakifunga mizigo.

Shikamoo baba. Tumemaliza kujenga kanisa hapa Mpwapwa, zuri, limeinuka juu kama nusu duara, ila mchungaji akihubiri sauti inarudi mara tatu, hatusikii neno. Fundi anasema tuongeze spika.

Marahaba mwanangu, na poleni. Msiongeze spika, mtaongeza kelele. Nusu duara ngumu inakusanya sauti na kuirudisha kama kioo cha tochi. Ukumbi wa zamani wa Wawakilishi pale Capitol, ule ambao sasa umejaa sanamu, ulikuwa na dari la hivyo hivyo, zuri kulitazama, lakini mbunge akisimama kuchangia aliyekaa karibu naye hasikii na aliye upande wa pili anasikia hata kunong'ona. Walitundika mapazia mazito, haikutosha. Wakageuza viti vyote vitazame upande mwingine, wapi. Walihangaika hivyo tangu 1819 mpaka 1857 walipopata ukumbi mpya wenye dari bapa.

Nyie hamna haja ya kungoja miaka 38. Anzeni na ukuta wa nyuma, ule anaoutazama mchungaji, tundikeni vitambaa vizito vyenye mikunjo, visiwe vimebana ukutani, acheni nafasi ya kiganja. Sakafu ya vigae wekeni mikeka kwenye njia ya katikati. Halafu pimeni Jumapili watu wakiwa wamejaa, sio Jumamosi ukumbi mtupu, maana nguo za waumini nazo zinakula sauti. Ikigoma nitumieni kipimo cha urefu kutoka sakafuni mpaka juu kabisa na upana wa chini, na picha moja iliyopigwa mkiwa mmesimama mlangoni.